Kisu Hununuliwa Uchi

Kisu hununuliwa uchi. Hivyo ndivyo alivyowaambia yule mama muuza kamba mlipokuwa mkichagua kisu cha safari yenu ya mlimani, nanyi mkarudi nyumbani mkicheka hadi machozi. Eliamani, umeniuliza kama hiyo ni methali kweli au ni matusi ya sokoni. Ni methali, na haikuanza kwa kicheko. Ilianza kwa hasira ya mwanamke mmoja, na chanzo chake ni hiki.

Babu yangu alipokuwa kijana, katika milima hii ya Upare kulikuwa na mhunzi aliyeitwa Senkondo. Visu vyake havikuwa na mapambo. Bei yake ilikuwa kuku mmoja, hivyo hata mtu wa hali ya chini aliweza kuwa na kisu kizuri. Watu walipanda mlima kutwa nzima kumfuata kwa sababu ya desturi yake ya kuuza. Hakumpa mtu kisu chenye mpini. Alimpa chuma kitupu: bapa lisilozidi urefu wa kiganja, na nyuma yake mkia, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Mkia ulikuwa mrefu sawa na mpini wenyewe. Mnunuzi alikitazama pande zote, akakisimamisha kwa makali juu ya gogo, akakigonga mgongoni kwa rungu. Kikipinda, alikirudisha. Kikistahimili, ndipo Senkondo alipokitia mpini wa mti, mnunuzi akiwa hapohapo anaangalia.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu. Kisu cha kupandia mlima si cha kumenyea ndizi tu. Huko juu mvua ikinyesha, kila ukuni huwa umelowa nje, lakini moyo wake ni mkavu. Ili kuufikia ni lazima upasue: uweke kisu juu ya ukuni na ukigonge mgongoni mpaka kizame. Kisu cha kukunja hakiwezi kazi hiyo. Kisu chenye mkia mfupi hakiwezi pia, lakini ubaya wake ni kwamba hukijui mpaka siku hiyo.

Basi mwaka mmoja Senkondo alipata pembe za nyati. Akazisugua mpaka zikang'aa, akatengeneza mipini myeusi yenye pete za shaba, na ala za ngozi nyekundu. Visu hivyo hakuviuza vitupu. Vilitoka kwake vikiwa vimeshavikwa. Bei ikabaki kuku yuleyule, watu wakaona wamependelewa. Hakuwaambia kwamba mkia wa ndani sasa ulikuwa mfupi kama kifundo cha kidole gumba, umegandishwa kwa utomvu, na kwamba kipande cha chuma kilichokuwa kikitoa visu vitatu sasa kilitoa vitano.

Mbazi alikuwa amemwoa Nakijwa, binti wa Senkondo. Kijiji kilipomtuma yeye na mdogo wake, Kiangi, kwenda kuzibua chanzo cha mfereji juu kabisa msituni, alikwenda kwa mkwewe kununua kisu. Akapewa chenye mpini wa pembe. Alitaka kuuliza mkia wake ukoje, akashindwa. Mtu hamkagui baba mkwe. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka.

Siku ya pili ya safari, wakivuka mto, Kiangi aliteleza. Maji yakachukua mzigo na panga, naye akatoka amelowa chapachapa. Ilikuwa alasiri, mvua ya ukungu inaanguka, na upepo wa mlima unapuliza. Kiangi alitetemeka kwa muda mrefu. Kisha akaacha kutetemeka, akaanza kumwita mama yao aliyekwisha kufa. Mbazi alijua maana yake. Mtu wa baridi akiacha kutetemeka, mwili umeanza kushindwa.

Kiberiti kilikuwa kikavu, ndani ya kibuyu alichokifungia kifuani. Kuni zilikuwepo. Akakata kipande, akaweka kisu, akagonga mara moja. Mara ya pili mpini ukabaki mkononi na bapa likaanguka kwenye matope.

Alilitazama lile shimo dogo ndani ya pembe. Hakulia. Alivua shati, akaufunga ule mkia mfupi kwa shati, akalishika bapa kwa mkono wa kulia na kugonga kwa wa kushoto. Chuma kikateleza ndani ya kitambaa. Akagonga tena, kikateleza tena, na kila kilipoteleza kilimkata. Moyo mkavu wa ukuni ulipofunguka, vidole vitatu vya mkono wake vilikuwa vimekatwa mishipa. Moto ukawaka. Kiangi akapona.

Waliposhuka, Nakijwa aliufungua mkono wa mumewe, akauosha, akaufunga. Akachukua lile bapa na ule mpini wa pembe, akaenda kwa baba yake. Mbazi na Kiangi wakamfuata. Ilikuwa siku ya soko, na wanunuzi wamejaa kiwandani, kila mmoja na kuku wake kwapani.

"Baba, shikamoo," alisema Nakijwa. "Hiki ni nini?"

Senkondo akatazama. "Marahaba. Kimevunjika? Mumeo alikitumiaje?"

"Alipasulia kuni."

"Ndiyo hayo! Kisu ni cha kukatia. Nani alimwambia akigonge?"

"Wewe!" Sauti yake iliwanyamazisha hata kuku. "Nimekulia hapa kwenye mivukuto. Rungu la kugongea lilikuwa linakaa pale mlangoni. Liko wapi?"

Senkondo akageukia watu, akacheka kidogo. "Binti akiolewa hupata mdomo mrefu. Kwani mkwe wangu hana ulimi? Angeuliza, ningemweleza."

"Angekuuliza vipi, na wewe ni mkwewe? Ulijua hataweza. Ulimwuzia heshima yake mwenyewe!"

Akakiendea kibao cha visu vipya. Akachukua kimoja, akakipiga ubavuni kwenye fuawe, chuma kile cha kufulia. Mpini ukaruka. Akachukua cha pili. Ukaruka. Mwanamume mmoja aliyekwisha kulipa alikitazama kisu chake, kisha akaanza kumtafuta kuku wake kwa macho.

"Nakijwa, acha!" alifoka Senkondo. "Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Kuanzia leo kisu kitanunuliwa uchi! Hata muuzaji akiwa baba yangu."

Watu wakaguna. Bibi mmoja akajishika mdomo. "Mwanangu! Neno gani hilo mbele ya baba yako?"

"Shikamoo, bibi. Niambie wewe, aibu iko wapi? Katika neno langu, au katika kile alichokifunika kwa pembe?"

Bibi akamnyoshea Senkondo kisu alichokuwa amekinunua. "Kitoe mpini," alisema. "Nikione."

Wengine wote wakafuata. Senkondo alivivua visu vyake kimoja kimoja mbele ya macho yao, na kila mkia ulikuwa mfupi. Alipomaliza hakuna aliyemtukana. Walichukua kuku wao tu na kuanza kushuka.

Siku nne baadaye alimwita mkwewe. Alikuwa amefua kisu kipya, kitupu, mkia wake mrefu, na rungu amelirudisha mlangoni. Alikitoa kwa mikono miwili. Mbazi akanyosha mkono wa kulia, lakini vidole vilikataa kukunjika. Basi akakipokea kwa mkono wa kushoto, mkono ambao mtu hampokelei hata mtoto, sembuse baba mkwe. Senkondo akauona mkono ule, akainamisha kichwa.

Hiyo ndiyo methali yenu ya kuchekesha. Kwa hiyo unapoletewa fundi, mchumba au kiongozi aliyekwisha kupambwa, na ukaona haya kuuliza kilicho ndani, ukumbuke kwamba kuna watu wanaoifanyia biashara haya yako.

Sasa, Eliamani, leta hicho kisu chenu. Ala nzuri sana, nimeiona. Mlimwuliza muuzaji chuma chake kinaishia wapi? Mliona haya? Basi kirudisheni, na msicheke njiani. Kisu hununuliwa uchi.