Farasi wa Diwani Apiga Kura

Diwani Shekiondo, aliyeupata udiwani kwa kugawa sukari nusu kilo kila nyumba, alijinunulia farasi. Mvua zilipokaribia akaona hana pa kumlaza, akambishia hodi mpangaji wake wa chumba cha uani, Mwanahawa, mwenye digrii ya mifugo na asiye na kazi.

"Binti, itabidi uhame. Farasi anataka chumba chako."

"Kakwambia mwenyewe, mheshimiwa?"

"Usiniletee usomi wako hapa!"

"Shikamoo basi, yaishe. Ila farasi akilazimishwa makazi hugoma kula. Mwache achague: chumba changu, au banda la gari lako. Jumapili ijayo, free and fair."

Diwani alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Farasi gani atakataa chumba cha msomi? Haya! Atakapoingia ndipo pake, mbele ya majirani."

Wiki nzima Mwanahawa alijitolea kumsugua farasi na kumtembeza uani, na diwani akamsifu kwamba sasa amepata adabu.

Jumapili majirani walijaa. Farasi alifunguliwa kamba, akapita mlango wa Mwanahawa bila hata kuutazama, akaingia moja kwa moja kwenye banda la gari na kuanza kulamba sakafu.

"Umemfanya nini farasi wangu?" diwani alifoka, gari lake, lililotolewa bandani kupisha kura, likiungua jua.

"Nimempigia kampeni, mheshimiwa," alisema Mwanahawa, akikung'uta mfuko mtupu wa sukari. "Nusu kilo tu, kama ulivyotufanyia sisi."