Doa Jeusi la Kikorogeo

Katika watu wote walioachia shule darasa la sita, hakuna anayeijua kemia kunishinda mimi. Sijisifu. Tumebaki wawili tu mtaani, na mwenzangu anadhani kemia ni dawa ya mbu. Hata haya yangu nimeyapata kwa mwosha vyombo wa maabara, naye aliyapata kwa kutega sikio huku akijifanya anasugua. Ila methali siazimi kwa mtu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Maana yake si kwamba mwongo hafiki popote. Hufika, tena kwa mbwembwe. Lakini akigeuka nyuma hukuta hakutoka mbali, na aliyemkanyaga njiani bado anaonekana.

Maabara yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu ya chuo, chumba kirefu chenye meza za vigae vyeupe na makabati ya kuvuta hewa yaliyonguruma kutwa kama paka aliyeshiba. Upande wa dirishani palikuwa na sinki mbili, na hapo ndipo alipotawala mwosha vyombo. Alivaa aproni ya mpira yenye mfuko mpana, na kila mtu alimwita Shangazi, hata Mama Profesa, mkuu wa maabara, ambaye walilingana umri.

Mama Profesa alikuwa ametumia miaka ishirini kutafuta jambo moja. Zipo kemikali mbili ambazo zikiungana hupatikana dawa, lakini zikiachwa zenyewe hazitazamani. Hapo huhitajika kichocheo, ambacho Shangazi alikiita mshenga: huwaunganisha wawili, kisha huondoka mzima vile vile kwenda kuunganisha wengine. Mshenga anayesifika ni metali iitwayo paladi, ila ni adimu kama maziwa ya kuku. Mama Profesa alitaka chuma, chuma hiki hiki cha misumari, kishike kazi hiyo. Na kwa kuwa chuma kikiachwa hivi hivi ni kivivu, alikifunga kwa kabeni. Kabeni ni kaboni yenye upungufu, ina vishikio viwili badala ya vinne, na kwa sababu ya upungufu huo ikishika metali haiachii, kama mtoto aliyeng'ang'ania nguo ya mamaye sokoni.

Miaka ilipita, chuma kikagoma. Kisha akaja kijana mmoja anayesomea udaktari wa kemia, mrefu, mcheshi, mwenye ulimi laini kama siagi juani. Jaribio lake la tatu tu, katika kila sehemu mia za kemikali zikaungana tisini na mbili. Maabara nzima ilisimama. Mama Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Tangu siku hiyo kijana akapewa jina la Mkono wa Heri, na jina likampendeza kupita kiasi.

Sasa sikiliza palipooza. Ndani ya kila chupa ya jaribio hutiwa kikorogeo, kipande cha sumaku kidogo kama punje ya harage, kilichovikwa plastiki nyeupe. Chini yake huwekwa mashine ambayo ikiwashwa hukizungusha, na dawa ikajikoroga yenyewe. Kikorogeo kilichowahi kufanya kazi na paladi hubaki na doa jeusi lisilotoka hata ukilisugua kwa majivu. Kanuni ya maabara ilikuwa kwamba chenye doa hutupwa, na mtupaji alikuwa Shangazi, kila Ijumaa.

Mkono wa Heri alikuwa amechukua chenye doa bila kuangalia. Kesho yake alitumia kipya, hakikuungana kitu. Akarudia, patupu. Akaenda sinkini, akafukua bakuli la vya kutupwa mpaka akakipata kile cha kwanza, na tisini na mbili ikarudi. Mtu mwenye akili yake hakosi kuelewa kwamba mshenga alikuwa paladi ya lile doa, si chuma. Naye alielewa, kisha akaamua kutoelewa.

"Shangazi," alimnong'oneza, "hiki usikitupe. Kina bahati yangu."

Shangazi alicheka. Alikitia kwenye kichupa cha plastiki cha vidonge vyake vya presha vilivyokwisha, akawa anakiosha na kumrudishia kimyakimya. Hakupewa chochote kwa hilo, ila kila asubuhi kijana alimwamkia "Shikamoo, daktari," na mwanamke aliyesugua vyombo miaka kumi na tisa bila kuulizwa alilala vipi alilipenda jina hilo kuliko alivyotaka kukiri.

Mambo yangeishia hapo kama si Binti Fundi. Huyu alikuwa mwanafunzi mpya, binti wa fundi cherehani, msichana wa maneno machache na mwandiko ulionyooka kama mshono wa babake. Alipewa kazi moja: kurudia jaribio la Mkono wa Heri, kwa maana jambo la kisayansi likifanywa na mtu mmoja tu bado ni uvumi. Akiweza, nafasi yake chuoni ni yake. Asipoweza hadi mwisho wa muhula, anafunga virago.

Alijaribu mara thelathini na moja. Kila mara alitoa kikorogeo kipya kwenye pakiti, kama kanuni ilivyosema, na kila mara akapata patupu. Alikonda. Alifika kabla ya mlinzi kufungua mlango. Siku moja alimfuata Mkono wa Heri akamwuliza kwa upole kama kuna jambo ambalo hakuliandika.

"Ni mkono tu, dada," kijana akajibu. "Mkono haufundishwi."

Binti Fundi akaenda sinkini kumwuliza Shangazi, ambaye huona kila chombo kinachotoka na kuingia. Na Shangazi, kichupa kikiwa mfukoni mwake, akafanya utani. "Labda unaikoroga kwa huzuni, mwanangu. Dawa nazo zina roho."

Msichana alitabasamu kwa adabu. Tangu siku hiyo aliosha vyombo vyake mwenyewe, akidhani uchafu ni wake. Shangazi aliniambia kwamba sauti ya maji ya yule mtoto katika sinki ya pili ndiyo anayoisikia mpaka leo. Neno moja lingetosha, na midomo alikuwa nayo, tena mirefu.

Muhula ukaisha. Mama Profesa alitia saini barua ya kumwondoa bila kuinua uso. Binti Fundi aliacha koti jeupe limekunjwa mezani, daftari juu yake, akawaaga wote, hata Mkono wa Heri, kwa mkono. Niseme mapema ili usije ukasubiri: baadaye aliandikiwa barua nzuri ya kuombwa radhi na kuitwa arudi. Alijibu kwa mistari miwili. Amepata kazi ya kupima maji mji mwingine, anashukuru, harudi.

Wiki mbili baada ya kuondoka kwake, wageni wa kutoka chuo kingine walitarajiwa kuja kulitazama jaribio. Mama Profesa, asiyependa kuaibika, akataka kwanza alione mwenyewe. Alikuja na daftari la Binti Fundi kwapani. Alikuwa amelisoma, na kuna mstari uliorudiwa mara thelathini na moja ambao hakuna mwingine aliyewahi kujisumbua kuuandika: kikorogeo kipya.

Akamwuliza Mkono wa Heri alitumia vikorogeo vya aina gani. "Vipya, Mama. Kila mara," akajibu bila kupepesa.

Akamgeukia Shangazi, aliyekuwa akifuta meza ile ile ya Binti Fundi, kando ya mashine. Asubuhi hiyo alikuwa ameagizwa na kijana akipenyeze kile cha bahati kwenye sinia la chupa safi, ila Mama Profesa alikuja na pakiti yake mkononi, kikabaki mfukoni. Je, vyenye doa hutupwa? Vyote, akasema Shangazi, kila Ijumaa, hata kimoja hakibaki.

Mama Profesa akatikisa kichwa taratibu. Akatia kikorogeo kipya chupani, akaiweka juu ya mashine, akawasha.

Mfuko wa aproni ukaanza kucheza. Tak-tak-tak-tak, kama punje za mahindi kikaangoni. Mama Profesa akazima mashine, mfuko ukatulia. Akawasha, mfuko ukacheza. Mkono wa Heri alikuwa akitazama sakafu kana kwamba imeandikwa.

"Shangazi, kuna nini mfukoni?"

"Vidonge vyangu vya presha, Mama."

Mama Profesa akazima tena, akasubiri kimya kirudi, kisha akawasha kwa kidole kimoja. Tak-tak-tak-tak.

"Basi presha yako," akasema, "inapanda nikiwasha na kushuka nikizima."

Akanyoosha kiganja. Shangazi akatoa kichupa, na hapo, mbele ya koti lililokunjwa ambalo hakuna aliyethubutu kuliondoa, doa jeusi likaendelea kuzunguka ndani ya plastiki. Hakika njia ya mwongo ni fupi: ile ilianzia mezani, ikaishia mfukoni mwa aproni.