Zimwi Lililoomba Nafasi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nyumba ya chumba kimoja.

Ya nani hiyo?

Ya Mwatime na mama yake, Bi Nyevu, mgonjwa wa miguu asiyeweza kusimama.

Siku moja mvua kubwa inanyesha, mzee mmoja akapiga hodi, ameloa chapachapa.

"Mwanangu, nipe nafasi."

Mwatime akamhurumia. "Nafasi ipo, babu. Kaa hapo mlangoni."

Mzee kuketi tu, akavimba. Meno yakamtoka kama mapanga. Kumbe ni zimwi! Likaziba mlango wote.

Siku ya pili likanguruma: "Nipe nafasi jikoni, au naiangusha nyumba!"

Mwatime akasema, "Haya, chukua." Zimwi likanyoosha miguu mpaka jikoni, likala ugali, likala maharage, likala na chungu chenyewe. Likazidi kuvimba.

Siku ya tatu likakitazama kitanda cha Bi Nyevu, mate yanalichuruzika.

"Nipe nafasi!"

Mwatime akamkumbatia mama yake. Bi Nyevu akamnong'oneza: "Mwanangu, tangu jana linasema litaangusha nyumba. Mbona haijaanguka? Lingekuwa na uwezo wa kuchukua, lisingeomba."

Basi Mwatime akaligeukia zimwi.

"Nikikupa nafasi, utaipokea yoyote nitakayoitaja?"

"Nitaipokea!"

"Apa."

"Naapa kwa tumbo langu! Nipe nafasi!"

"Haya. Nakupa nafasi ya kukimbia. Nikihesabu tatu, nafasi yako imekwisha."

Zimwi likatoa macho. "Mimi nataka mahali!"

"Mahali hukusema. Ulisema nafasi. Moja!"

Zimwi likageuka, kuta zikalia.

"Mbili!"

Likajitosa mlangoni, likanasa! Kichwa nje, tumbo ndani. Mwatime akaona kuta zitawaangukia, wafe wote. Akanyakua mchi wa kutwangia, akalisukuma, akalisukuma, akalisukuma.

"Tatu!"

Tumbo likapasuka, pwaa! Zimwi likaporomoka nje pamoja na mlango wa nyumba. Likafa palepale.

Mwatime akakaa chini akalia kama mtoto. Mvua bado inanyesha, inaingia ndani, wala hakuijali.

"Njoo huku, mwanangu," Bi Nyevu akamwambia, akijisogeza ukutani. "Kitanda kinatutosha."

Hadithi yangu imeishia hapo, wanangu. Iliyobaki wanayo wenyewe, Mwatime na mama yake.

Anayekuomba nafasi, muulize kwanza: nafasi ya nini?