Digidigi wa Chuma

"Ukimpunguzia digidigi mbio, mwongezee ngozi."

Vijana wa kidato cha tatu walimsikia Bibi Asteria, mtunza stoo wa shule yao ya bweni, akimwambia matroni maneno hayo siku matroni alipopiga marufuku watoto wadogo kukimbilia foleni ya chakula, ingawa wasipowahi wakubwa huwasukuma nyuma. Walijua digidigi ni mnyama wa porini asiyemzidi mbuzi mchanga kwa ukubwa. Wakamuuliza ni nani aliyewahi kumkamata akampunguzia mbio. Bibi akavuta gunia la maharage, akalikalia.

"Huyo hakuwa wa porini," alisema. "Alikuwa wa chuma. Methali hii ilianza hivi."

Kabla ninyi hamjazaliwa, palikuwa na watu watatu mjini Iringa waliotengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Uwanda wa Chuma. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya cherehani. Watu wa miji mbalimbali waliingia mchezoni kwa mtandao, kila mmoja akaendesha jitu la chuma linalotembea kwa miguu, wakapigana timu kwa timu. Majitu hayo yalipewa majina ya wanyama. Mkubwa wao alikuwa Kifaru, tani mia, mizinga minne, ngozi nene kama ukuta wa boma la Mjerumani. Mdogo wao alikuwa Digidigi, tani ishirini, bunduki moja, ngozi ya bati. Alichojaliwa ni mbio. Alikwenda kilomita mia na sabini kwa saa, akachungulia maadui walikojificha, akarudi kuwaambia wenzake.

Aliyepanga vipimo hivyo vyote, nani awe na uzito gani na nani akimbie kiasi gani, alikuwa Zabloni Kihwele. Chuo hakukiona. Alijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kufungua kompyuta mbovu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, wala wa kusema fulani ana makosa kabla hajapima.

Mwaka wa pili malalamiko yalianza. Waendesha Kifaru waliandika kwamba risasi zinapita ndani ya Digidigi kama zinapita kwenye moshi. Mwidadi, aliyemchora Kifaru kwa mkono wake na kumpenda kama mwanawe, alizisoma barua hizo kwa sauti kila asubuhi akinywa chai.

"Huyu wa Kigoma anasema amempiga mara saba, hata hajakohoa."

"Tumpime," Zabloni akasema.

Pale ofisini kompyuta zao zilikuwa zimeunganishwa kwa waya, na risasi ziligonga vizuri. Lakini alipojaribu kwa mtandao wa simu, kama walivyocheza watu wengi, akaona ukweli. Habari zilichelewa njiani. Digidigi uliyemwona kwenye kioo alikuwa pale alipokuwa kitambo kidogo kilichopita, na mwenyewe ameshapita. Kwa Kifaru, anayekokota miguu, hilo halikudhuru. Kwa Digidigi, kufumba na kufumbua kulikuwa hatua sita. Basi wenye Kifaru hawakuwa waongo.

Mtandao wa nchi nzima hawakuweza kuutengeneza. Walichoweza ni kuweka kikomo cha mwendo. Zabloni akajaribu mwendo mmoja baada ya mwingine, kila mara akifyatua risasi mia na kuhesabu zilizogonga. Kwa mwendo wa mia na sabini ziligonga kumi na nane. Kwa mia na hamsini, thelathini. Kwa mia na thelathini ziligonga hamsini na mbili, karibu sawa na kwa majitu mengine. Akapiga mstari hapo. Bi Salome Nyenza, mwenye ofisi, akaridhia, na kikomo kikatangazwa wiki tatu kabla ya mashindano ya timu.

Malalamiko yakakoma. Zabloni akauchukua ukimya ule kuwa ridhaa, akageukia kazi nyingine.

Jumatatu ya wiki ya mashindano ikaja barua fupi kutoka kwa Tekla Mgaya wa Makambako. Hakulalamika. "Naomba mfute jina langu kwenye timu ya Baridi Kali," aliandika, "ili wamwandike mwingine. Mimi naendesha Digidigi tu. Asanteni kwa mchezo, nimeufurahia."

Zabloni aliisoma mara tatu. Barua za matusi alizizoea, ila hii ilikuwa ya shukrani. Akafungua orodha ya wachezaji. Walioendesha Digidigi walikuwa mia tatu kabla ya kikomo. Sasa walibaki arobaini. Wengine hawakuwa wameridhika, walikuwa wameondoka. Akampigia simu.

"Dada Tekla, kabla sijalifuta jina, unaweza kuja Iringa unionyeshe?"

"Nikuonyeshe nini, kaka? Ninavyokufa?"

"Ndiyo," akasema. "Hasa hicho."

Alikuja Jumatano kwa basi la asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, muuza viazi, amevaa koti zito. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe alipokuwa msichana.

"Karibu, Makambako," Mwidadi akamwambia. "Umetuletea baridi yenu au umeiacha nyumbani?"

"Nimemwachia mume wangu, ajifunike."

"Sasa kwa nini usihamie kwa Kifaru, ukapumzika na kufa kufa?"

"Kifaru wako ana mizinga minne, shemeji, na kila mmoja una kitufe chake. Hesabu vidole." Akauweka mkono mezani bila haya. "Digidigi anataka kukimbia na kukata kona. Hilo naliweza. Lakini siku hizi nikienda kuchungulia sirudi. Wenzangu wameniambia kwa upole, dada, pumzika kwanza. Ni watu niliocheza nao miaka miwili wale. Juzi tu tumekwenda wote kumzikia mmoja wetu mama yake. Nisipocheza nao, nitakuwa nawapigia simu niwaambie nini, bei ya viazi?"

Zabloni akawasha kompyuta mbili. Akashika Kifaru, Tekla akashika Digidigi, wakacheza kwa mtandao wa simu. Walipomaliza raundi ya kwanza Zabloni alitazama karatasi yake.

"Mbona wewe umenigonga zaidi?" akauliza polepole. "Wewe tisa, mimi mbili."

"Ndiyo. Tisa zangu, na bado umesimama unanitafuta. Mbili zako, na mimi ni chuma chakavu. Hebu kaa huku, kaka."

Zabloni akakaa kwa Digidigi, Mwidadi akakaa kwa Kifaru. Raundi ya kwanza Zabloni alikufa, Mwidadi akacheka. Ya pili alikufa kabla hajavuka mto. Ya tatu Mwidadi hakucheka tena.

Zabloni akaweka kipanya chini. "Nilihesabu risasi zinazogonga," alisema. "Sikuhesabu anayebaki amesimama."

"Basi mrudishie mbio zake," Mwidadi akasema, "na mimi nirudi kusoma barua za Kigoma."

Tekla akatikisa kichwa. "Hapana. Wale nao wana haki. Ukimpiga mtu mara saba asikohoe, utadhani umerogwa. Mbio zilizidi, na kuzipunguza si vibaya. Ila yule hakuwa na kingine, na ninyi mmemwacha hivyo hivyo. Ukimpunguzia digidigi mbio, mwongezee ngozi."

Hakuyasema kama methali. Aliyasema kama mtu anayemwambia fundi aongeze kipande cha kitambaa. Lakini Zabloni aliyaandika juu ya ile karatasi yake, akaanza kazi.

Kwanza alimvika Digidigi mabamba mwili mzima. Uzito ukapanda, na katika mchezo ule mwenye uzito huenda polepole, kwa hiyo mwendo ukashuka mpaka mia na kumi. Tekla alicheza mara mbili, akasukuma kiti nyuma.

"Huyu si digidigi. Huyu ni kifaru aliyekonda."

"Nikiweka ngozi, anakuwa mzito. Nisipoweka, anakufa," Zabloni akasema. "Niiweke wapi?"

"Tazama ninapopigwa."

Akatazama. Mchezo ulitunza alama ya kila risasi. Kifuani kwa Digidigi alama zilikuwa chache sana. Mgongoni na nyuma ya miguu zilijaa kama ndui.

"Sipigwi nikija," Tekla akasema. "Napigwa nikiondoka."

Zabloni akavua mabamba ya kifuani na ubavuni, akaacha ya mgongo na miguu peke yake. Uzito ulioongezeka ulikuwa kidogo, na mwendo ukabaki mia na thelathini. Wakacheza mpaka chakula cha mchana kikapoa. Katika raundi tano Tekla alikufa mara mbili.

"Nampata," Mwidadi akakiri, akijikuna shingo. "Lakini lazima nimpate kweli kweli."

Ilibaki kumwambia Bi Salome. Alisikiliza amesimama mlangoni.

"Mashindano ni Jumamosi, Zabloni. Nikibadilisha leo, wenye Kifaru watasema tumependelea."

"Kosa ni langu. Niache niwaambie mwenyewe."

Akaandika tangazo kwa wachezaji wote. Hakujitetea. Alieleza alichopima na alichosahau kupima, akaonyesha hesabu za raundi zote, akasema kikomo kitabaki lakini Digidigi atapewa ngozi ya mgongo na miguu. Chini kabisa akaandika maneno ya Tekla, pamoja na jina lake. Wapo waliotukana. Wengi walisoma mpaka mwisho.

Jumamosi, timu ya Baridi Kali iliingia uwanjani na Tekla wao. Mechi ya kwanza alitumwa ng'ambo ya kilima kuchungulia. Wenzake walisikia kwenye vipaza sauti risasi zikimgonga mgongoni, moja, mbili, tatu, wakajua amekwisha, kwa maana wiki tatu zote sauti yake ilikuwa ikikatikia hapo. Kisha wakamwona akishuka kilima anachechemea, moshi unamtoka.

"Wako watatu," alisema, "nyuma ya mwamba, upande wa kulia."

Nahodha akageuza jitu lake upande huo. "Dada, umerudi."

"Nimerudi. Haya, piganeni."

Walishinda mechi hiyo, wakafungwa iliyofuata. Hakuna aliyemwambia tena apumzike.

Tangazo lile lilisomwa na watu wengi, na wengine hata mchezo wenyewe hawakuucheza. Kila mahali palipotungwa amri ya kumzuia mdogo, maneno ya Tekla yakatajwa, mpaka watu wakadhani ni ya mababu.

Bibi Asteria akainuka, akakung'uta gauni lake. "Mnyonge ana kitu kimoja kinachomweka hai," alisema. "Yawezekana kitu hicho kinawaudhi wenzake, tena kwa haki. Kipunguzeni, si dhambi. Lakini msigeuke mkaenda zenu kabla hamjamtazama anapigwa wapi. Ukimpunguzia digidigi mbio, mwongezee ngozi."