Kiganja Juu ya Kichwa cha Sinyati

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyeogopa mkono. Mtu huyo ni mama, jina lake Nashipae, mjane wa kabila dogo la wafugaji waliozungukwa na wakulima pande zote. Binti aliitwa Sinyati. Alichelewa kusema, kelele za watu wengi zilimliza, na akiguswa kichwani alipiga yowe kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Sasa mjue desturi ya watu hao. Mtoto hamwamkii mzee kwa maneno. Huinamisha kichwa, macho chini, na mzee huweka kiganja juu ya utosi wake. Huko ndiko kubarikiwa. Sinyati alijua kushusha macho, maana mama yake alimfundisha kwa subira mpaka akaweza. Lakini kiganja kilipokaribia, alikimbia. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto anayekimbia baraka ataleta mkosi zizini. Na malisho yalikuwa yanakwisha, kaya zinajiandaa kuhama, na kabla ya safari kila mtoto hubarikiwa langoni. Nashipae aliogopa. Aliogopa kwamba siku hiyo ataambiwa abaki, yeye na mwanawe, peke yao katika nchi isiyowataka.

Akampeleka mjini, kwenye kituo kilichosemekana kuwasaidia watoto wa namna hiyo. Huko waliyatazama mavazi yake kwanza, ndipo wakamtazama mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu, na hakuna aliyemtafutia mkalimani. Bi Hilda, mtaalamu wa kituo, alichuchumaa mbele ya Sinyati akangoja atazamwe. Hakutazamwa. Akaamua hapo hapo kwamba tatizo liko machoni, na kwamba mtoto abaki kituoni mpaka ajifunze kuwatazama watu. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma, na ndiyo maana namwogopa.

Walimfundishaje? Kwa upole. Kiganja kimoja utosini, kingine kidevuni, uso ukainuliwa. Kila siku hivyo. Mwanzoni alipiga yowe, wakasema atazoea. Baadaye akanyamaza, wakasema anaendelea vizuri.

Siku ya kuhama ilipokaribia, Nashipae alirudi kumchukua. Alimkuta mwanawe ameketi wima, amekodoa macho, hapepesi. Bi Hilda alifurahi kweli, akampongeza mama kwa kumshika mkono. Lakini Nashipae aliona utosini, pale kiganja kilipokuwa kikikaa, pana vidonda. Mtoto alikuwa amejikwaruza mwenyewe. Mama alitafuta neno la kuuliza, akalikosa, akambeba mwanawe akaondoka naye mbio mbio kama mwizi.

Asubuhi ya safari mzee Parmwat alisimama langoni. Watoto wakapita mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Sinyati, na safari hii hakukimbia. Aliinua uso akamkodolea mzee macho, jambo ambalo hakuna mtoto wa watu hao aliyewahi kulifanya. Watu wakarudi nyuma. Wanawake wakawafunika watoto wao kwa nguo. Mzee naye aliogopa. Kiganja chake kikabaki hewani, na chini yake yule mtoto alikuwa akitetemeka mwili mzima, akikingoja kishuke.

Ndipo Nashipae akaingia kati, akasema, "Baba, usimguse. Ninyi mmeogopa miguu yake inayokimbia, wa mjini wameogopa macho yake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi kinachomuuma ni nini."

Ng'ombe walikuwa wameshaanza kutoka, vumbi limepanda, na wenye haraka walikuwa wakiita. Mkono wa mzee haukushuka wala haukurudi.

Nami nawaachia hapo hapo, ninyi wenye vituo na ninyi wenye malango. Kiganja kile ni chenu, na mtoto bado amesimama chini yake: mtamuuliza mama yake, au mtakishusha?