Dimbwi Lililobaki Nafasi Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa bado wanaitana vikao, palikuwa na mji uitwao Mbuga ya Chini, na mji mzima ulikuwa na bwawa moja tu la maji ya kunywa. Msiniulize ulikuwa wapi. Ulikuwa huko.

Kando ya bwawa, kwenye kichuguu cha zamani, alikaa Mama Chiku. Mama Chiku alikuwa nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mkia mrefu ambaye hawezi kutulia. Kila asubuhi alishuka na kibuyu kuchota maji, na kila asubuhi alimkuta Mzee Kiboko ndani anaoga.

Kuoga gani kule. Anaingia, chubwi. Anapuliza pua, brrr. Kisha anajisugua mgongo kwenye jiwe, kwaru kwaru kwaru, mpaka maji yanakuwa rangi ya uji wa ulezi. Nyuma yake anasubiri Nyati na taulo begani, na nyuma ya Nyati anasubiri Kifaru na sabuni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," Mama Chiku alisema asubuhi moja.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, maji haya ndiyo tunayokunywa. Mwanangu Chiku anaharisha, leo siku ya tatu."

"Pole yake. Mpe maji mengi," alisema Kiboko, akazama.

Mama Chiku alirudi na kibuyu kitupu, akamkuta Chiku amejikunja mkekani, midomo imekauka. Akaanza kufunga mizigo ahame. Lakini maji mengine yalikuwa mwendo wa siku mbili, na mtoto mwenyewe hawezi hata kusimama. Akaiacha mizigo, akakimbilia kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Tembo. Alikuwa na nguvu za kung'oa mti, lakini Kiboko alikuwa shemeji yake, na yeye hakutaka maneno ya nyumbani. Kwa hiyo akafanya kile wanachofanya wenyeviti wote, akaita mtaalamu.

Akaja Daktari Korongo, mtaalamu wa tabia za wanyama, miwani mdomoni na karatasi kubwa kwapani. Semina ikawa ya siku mbili, yenye chai na maandazi. Siku ya kwanza yote ilikuwa ya kujitambulisha na kuandika matarajio. Nyati aliandika kwamba anatarajia chakula cha mchana.

"Kosa lenu ni kukataza," alisema Korongo siku ya pili. "Mnyama hafuati amri, na wala hapigi hesabu ya kinachomfaa. Anafuata mazoea, na anafuata wenzake. Sisi wataalamu hatukatazi. Tunamsukuma kidogo tu, yeye mwenyewe asijue."

Tembo akainuka. "Nimsukume sasa hivi?"

"Si kwa kichwa, Mwenyekiti. Kwa maneno."

Mama Chiku, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono. "Daktari, mwanangu anaumwa leo. Hayo maneno yataanza kufanya kazi lini?"

"Swali zuri sana," alisema Korongo. Akaliandika kwenye karatasi kubwa, akalizungushia duara, akaendelea na mengine.

Kesho yake kikasimamishwa kibao mbele ya bwawa: WANYAMA TISA KATI YA KUMI HAWAOGI HUMU. Korongo alieleza kwamba kila atakayekisoma ataona haya kuwa tofauti na wenzake. Mama Chiku akajibanza kwenye nyasi aone hizo haya zinavyokuja.

Kiboko alifika na sabuni yake, akasoma herufi moja moja.

"Tisa hawaogi," alisema. "Kwa hiyo anaoga mmoja. Na huyo mmoja, kwa mji huu, ni nani kama si mimi?" Chubwi.

Nyati naye akasoma. "Nani kakwambia huyo mmoja ni wewe?" Chubwi.

Kifaru akasema cheo hicho kilikuwa cha babu yake tangu enzi. Chubwi. Kufika saa sita hata Twiga, ambaye hakuwahi kuoga tangu azaliwe, alikuwa majini akigombania umoja wake. Tembo alikuja kuwaamua, akaona maji yamepoa vizuri, akaingia na yeye.

Korongo alisimama ukingoni na daftari lake, akaandika: Mwitikio ni mkubwa.

Mama Chiku alilia kwanza. Kisha akajifuta machozi, akawatazama vizuri wale wazee na mapovu yao. Hawa hawakuja kwa ajili ya maji, alijiambia. Wamekuja kwa sababu nafasi ni moja.

Basi nyuma ya kilima palikuwa na shimo la matope. Lilikuwa linanuka mpaka nzi walilipita kwa haraka. Mama Chiku akalizungushia kamba za ukindu, akaacha mlango mmoja mwembamba, akatandika mkeka mlangoni. Halafu akavaa kanga yake nzuri, akapita kando ya bwawa mbio mbio, kacha kacha kacha.

"Unakimbilia wapi, Mama Chiku?" aliuliza Kiboko.

"Usiniulize, Mzee. Nimekatazwa kusema."

"Kusema nini?"

"Kwamba nyuma ya kilima limefunguliwa dimbwi la wakubwa, na imebaki nafasi moja. Sasa nimesema. Tafadhali, Mzee, Nyati asisikie."

Nyati alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Kiboko ndiye aliyewahi. "Una bahati, Mzee," Mama Chiku alimwambia mlangoni. "Hii ndiyo ya mwisho. Ila ukitoka tu, hata kujinyoosha, anachukua mwingine."

"Sitoki," alisema Kiboko. Bwata.

Nyati akafika anahema. "Imebaki?"

"Moja tu, Mzee."

"Mbona Kiboko yumo?"

"Yeye alichukua ya mwisho ya asubuhi. Hii ni ya mwisho ya mchana."

Bwata. Akaja Kifaru, akaja Twiga, akaja Mwenyekiti mwenyewe, na kila mmoja alipata ya mwisho.

"Kunanuka," alisema Kifaru.

"Hiyo ndiyo harufu ya wakubwa," Kiboko alimjibu. "Hujaizoea."

Wakakaa humo wamebanana, kila mmoja akimwangalia mwenzake, akiogopa asije akawa yeye wa kwanza kutoka, na hakuna aliyethubutu hata kunyanyua mguu.

Huku bwawani kukawa kimya. Siku ya kwanza tope likaanza kushuka, na siku ya pili maji yakaonekana mpaka chini. Mama Chiku akachota, akachemsha, akapoza, akamnywesha Chiku kidogo kidogo. Mtoto akalala. Alipoamka aliomba panzi wa kukaanga, na mama yake akacheka peke yake jikoni kwa furaha.

Daktari Korongo naye alipita bwawani, akayaona maji meupe na kibao kimesimama. Akaandika kwamba kibao kimefanya kazi, akapanda kilima kuwatafuta wazee awasomee ripoti. Akamkuta Mama Chiku mlangoni.

"Humu mna nini?"

"Hapakufai, Daktari. Nafasi ya mtaalamu ni moja tu, na nasikia Mbuni yuko njiani."

Korongo akavua miwani, akaifuta, akatabasamu. "Mama Chiku, huu mtego naujua. Unataka nione nafasi ni adimu ili niitamani. Mimi ndiye ninayefundisha haya mambo."

"Ni kweli, Daktari. Basi acha nimpe Mbuni."

"Nimesema naujua," alisema Korongo, akianza kuvua viatu. "Sijasema sitaki."

Bwata.

Nami nimewaacha humo humo, wanangu, na nawaachia neno hili: mkubwa akikalia kilicho chako usihangaike kumfukuza, mwambie tu kwamba kwingine imebaki nafasi moja.