Siku Nanzia Alipopanga Vyungu

Msimamisha mchezo huucheza mwenyewe. Methali hiyo mmeisikia leo mkutanoni, mkacheka bila kujua mnachekea nini. Tulieni basi. Methali hii ilianza hivi.

Milimani Upareni kulikuwa na kikundi cha akina mama wafinyanzi. Kila mmoja alifinyanga kwake, lakini moto wa kuchomea ulikuwa mmoja, maana kuni zilikuwa haba. Nakiete ndiye aliyevipanga vyungu. Vya katikati viliiva vizuri. Vya pembeni vilipigwa na upepo, vingine vikapasuka.

Nanzia, mama mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, akapasukiwa mara mbili mfululizo. Akaapa: "Nakiete ananionea! Najitoa, na kuni zangu naondoka nazo." Kuni zake zikitoka, moto wa kikundi umekufa, na wake pia. Alilijua hilo. Lakini hasira haipigi hesabu.

Mwenyekiti, Mama Mbonea, hakuita kikao. Aliita mchezo. Wawili waigize ugomvi ule, atakayeona wanakosea aseme "Simama!" kisha aingie mahali pa mchezaji.

Namsifu, mmoja wa wafinyanzi, akajifunga mto uwe tumbo kubwa la Nakiete, akawa mpangaji wa vyungu; mwenzake akawa mlalamikaji. Akazunguka na chungu, akijikuna kichwa, hajui akiweke wapi. Nanzia uvumilivu ukamwisha.

"Simama! Kazi ndogo hiyo, mnaifanya kama kuhamisha mlima!"

"Karibu, mama," akasema Namsifu, akifungua mto. "Na tumbo lako hili hapa."

Nanzia akaingia. Looo! Wenzake wakamvamia.

"Changu katikati, mwenzangu, cha mkwe hicho!"

"Na changu! Mbegu za maharage nilizokupa umesahau?"

"Mimi ni mjamzito, nihurumieni!" akalia bibi mmoja.

"Wewe? Na vitukuu vyote hivyo?"

Jasho likamtoka. "Jamani, katikati ni mahali pamoja tu! Kwani mimi ndiye niliyepaumba?"

Uwanja ukaangua kicheko. Ndivyo Nakiete alivyolia kila siku ya moto, neno kwa neno. Nanzia akahisi masikio yakiwaka.

"Simama!" Sasa aliyesimamisha alikuwa Nakiete, akaingia mahali pa mlalamikaji. Akaokota gae la chungu kilichopasuka, akaibana sauti iwe kama ya Nanzia: "Nimefinyanga juma zima, kimepasuka, na hata pole sija..."

Akaliangalia lile gae.

"Sikukupa pole, Nanzia. Hata mara moja."

Nanzia, tumbo la mto likimning'inia, akakuta hasira yote imemtoka. Kumbe alichokuwa akikidai ni hicho tu.

"Pole yako nimeipokea, dada. Na wewe pole. Kazi yako nzito, hata bila tumbo."

Tangu hapo kupanga kukawa kwa zamu, na aliyelalamika ndiye huanza. Nanzia akaanza. Kwa kuogopa midomo ya wenzake, vyake akaviweka pembeni. Kimoja kikapasuka! Wakamwimbia pole kama kwaya, mpaka akawasihi wanyamaze, mbavu zinamuuma kwa kucheka.

Basi mkimsikia mtu anakosoa kwa kelele, msibishane naye. Sogeeni, mpisheni apite mbele. Msimamisha mchezo huucheza mwenyewe.